Baridi ya Ghorofa ya Nne

Destin Namegabe alikuwa na kanuni mbili za kazi. Ya kwanza: usimuuzie mtu kitu asichokijua, muuzie dawa ya kile anachokilalamikia. Ya pili: chukua chako mapema, uage wakati bado wanakupenda. Alikuwa ameishi kwa kanuni hizo miaka kumi na miwili, Bukavu, Uvira, na sasa Bujumbura, na hakuna mahali alikopigwa zaidi ya mara moja.

Mchana mmoja wa Septemba alikuwa anashuka barabara ya kwenda ziwani, anatafuta kivuli, akaona jengo jipya la ghorofa tano lililovaa vioo kuanzia chini hadi juu. Upande wote wa magharibi ulikuwa umebandikwa magazeti kwa ndani. Destin alisimama. Mtu hatumii mamilioni kununua kioo kisha akakifunika kwa habari za mwaka jana, ila awe ameshindwa na joto.

Jengo liliitwa Le Cristal. Aliyelijenga aliona picha za maofisi ya Ulaya, ambako jua ni mgeni wa kuombewa, akasahau kwamba Bujumbura jua ndilo mwenye mji. Kuta zake zilitazama ziwa na milima ya Kongo, mandhari nzuri sana, na hazikuwa na dirisha hata moja la kufungua, kwa kuwa hewa ingetoka kwenye climatiseur, mashine za kupoza hewa. Climatiseur zilitaka umeme, na umeme ulikuja ukipenda. Umeme usipokuja, jenereta ilitaka mazout, na mazout siku hizo watu waliizungumzia kwa kunong'ona, kama ndugu aliyehamia ng'ambo. Kuanzia saa nane mchana, Le Cristal liligeuka tanuri. Ofisi moja ya kuuza tiketi za ndege iliwahi kupanga pale, ikahama siku ya nane, baada ya sekretari kuzimia akiwa ameshika simu. Magazeti yalikuwa yao.

Yafaa mjue Destin alikuwa anahitaji nini, msije mkadhani alikuwa mwovu kwa starehe. Yeye na mke wake Benite walivuka mpaka kutoka Kongo mwaka uliotangulia pamoja na maelfu ya wengine, wakapokelewa Ngagara, Quartier Cinq, na mama yake Benite, Mama Mawazo. Walilala salon, sebuleni. Sasa, mwanamume wa ukoo wa Destin hatafuni mbele ya mama mkwe. Na mwanamke wa ukoo wa Mama Mawazo hakutani na mkwe wake mlangoni, hujitanda kitenge usoni na kuzunguka nyumba nzima. Nyumba ilikuwa ndogo na heshima ilikuwa kubwa. Mwaka mzima na nusu mama mkwe alikuwa anaizunguka nyumba, na Destin alikuwa anakula nyuma ya jiko, sahani magotini, kuku wakimtazama.

Benite alikuwa ameona nyumba mtaa wa Carama. Vyumba viwili, jiko lake lenyewe, mlimau uani. Mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele. Kwa kuuza vitenge mlango kwa mlango, Benite alikuwa amefikisha nusu, ameifunga kwenye kitambaa ndani ya mto wa kulalia.

"Hii nyumba ya Carama ikitupita," alimwambia, "mi nabaki kwa mama, na we unabaki kwa kuku."

Ndiyo sababu Destin alikaza tai yake na kuingia Le Cristal.

Chini ya ngazi, mahali pekee penye ubaridi katika jengo zima, aliketi mama wa makamo kwenye kiti cha plastiki. Kitenge chake kilikuwa safi, uso mtulivu, na mapajani alikuwa na shada la funguo lenye uzito wa mtoto mchanga.

"Mama patronne, bonjour," alisema Destin na kuinama kidogo. "Bila shaka we njo mwenye nyumba."

Yule mama aligeuka akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta na ufagio. Akarudisha uso mbele, akamtazama Destin, viatu hadi tai, tai hadi viatu.

"Karibu," alisema. "Naitwa Dévote."

Destin alijivuna kwamba anasoma watu. Hapo alisoma mjane mwenye mali, mnyenyekevu, anayeona haya kukiri utajiri wake. Aliusoma vizuri sana ukurasa usiokuwepo.

Alivuta pumzi akaanza. Alimweleza kwamba huko Ulaya na Dubai majengo ya vioo hayapati joto, kwa sababu kioo chao kina ngozi ya pili, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, haionekani kwa jicho. Mwanga unaruhusiwa kuingia, joto linabaki nje. Umeme unaokoka nusu, climatiseur zinalala, mazout unawaachia wanaoipenda. Na ubaya ni kwamba haya yote yalikuwa kweli. Vioo vya namna hiyo vipo, na Destin aliwahi kuvibeba mgongoni kwenye ghala la Kampala, maelezo yameandikwa ubavuni mwa kila kreti. Uongo wake mzuri wote ulikuwa na mama mkweli.

"Na iyo ngozi, we iko nayo?" aliuliza Dévote.

"Niko nayo, mama. Lakini mi siuzi kwa maneno. Kesho saa nane nakuletea mutihani."

Kesho yake alifika na maboksi mawili ya karatasi ngumu, kila moja limefunikwa kwa kipande cha kioo. Ndani ya kila boksi aliweka kipande cha siagi kwenye kisahani. Kioo kimoja, alisema, ni cha kawaida. Cha pili kina ngozi. Akayaweka juani mlangoni, akaomba dakika ishirini. Siagi ya boksi la kwanza ililegea, ikang'aa, ikamwagika. Ya boksi la pili ilisimama wima kwa heshima. Dévote aliinama, akatazama. Akapitisha mkono chini ya boksi la pili, pale Destin alipokuwa ameficha mfuko wa barafu kati ya karatasi mbili. Mkono ulitoka umelowa. Aliupangusa kwenye kitenge taratibu, akamtazama Destin kwa muda mrefu.

Destin aliona machozi ya furaha yanakaribia. Kazi hii humfundisha mtu kuona anachokitaka.

"Ni muzuri sana," alisema Dévote. "Unataka ngapi?"

Destin alikuwa amejiandaa kutaja bei ya nyumba ya Carama, na kidogo cha soda juu yake. Lakini kabla hajafungua mdomo, yule mama aliendelea.

"Mi sasa sina kitu, mwanangu. Nyumba iko tupu. Lakini batu bakiingia, kila mutu atatoa garantie ya miezi tatu. Kwa zile zote, nakupa sehemu ya ine."

Robo ya kila kitu. Destin alipiga hesabu, akafika Carama, akaipita, akakuta amejenga nyumba yake mwenyewe kwenye kilima cha Gihosha na ukuta kuizunguka. Kanuni ya pili ilimgusa bega. Akaisukuma. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini wahenga hawakulala salon ya mama mkwe.

"Tunapatana, mama."

"Kitu kimoja tu," alisema Dévote. "Batu ya hapa habaamini karatasi, banaamini mutu. Uikale mu bureau, babone ingénieur wa nyumba. Ghorofa ya ine."

"Ya ine? Ile inaangalia ziwa?"

"Njo ile yenye vioo mingi."

Ngozi ya pili aliipata sokoni. Ilikuwa wiki ya watoto kurudi shuleni, na plastiki angavu ya kufunikia madaftari ilijaa kila meza, roli kwa roli. Kulifunika jengo zima kulitaka roli nyingi kuliko alivyodhani, na fedha hakuwa nayo, ila ile ya kwenye mto. Alimwomba Benite. Hakumdanganya kuhusu kiasi, alimdanganya kuhusu hatari tu. Benite aliukumbatia mto muda kidogo kabla ya kuufungua.

"Wiki tatu," alisema Destin.

"Unajua mi sijakuambia kitu," alijibu Benite, na hilo lilikuwa zito kuliko maneno mengine yote ambayo angeweza kusema.

Alibandua magazeti, akaibandika mwenyewe, siku nne, kwa maji ya sabuni na kipande cha ubao. Haikuonekana kabisa, na huo ndio ulikuwa ubora wake. Joto la ndani lilizidi kidogo.

Basi ikaanza kazi ngumu ambayo hakuna tapeli mwenzake aliyewahi kuifanya: kuona baridi saa tisa mchana, mwezi wa tisa, ghorofa ya nne, nyuma ya kioo. Destin alikuwa na sweta ya sufu ya kijani, shingo ndefu, aliyofumiwa na mama mkwe enzi za Bukavu, ambako baridi ni ya kweli. Kila siku aliivaa juu ya shati na tai. Chini ya shati alijifunga mfuko wa barafu tumboni. Usoni alipaka poda ya watoto. Maji hakunywa tangu asubuhi, ili jasho likose malighafi. Akaketi mezani, ramani mbele yake, akingoja nyayo kwenye ngazi.

Wa kwanza kuletwa alikuwa mzee Aloys wa Gihosha. Alistaafu wizarani miezi sita nyuma, na alihitaji ofisi kwa sababu mwanamume asiye na ofisi hutumwa sokoni. Alikuwa pia mmoja wa wazee wanaosuluhisha magomvi ya mtaa wake, mtu wa maneno mazito na kofia nzuri. Alipoingia, Destin alikuwa anapulizia vidole vyake.

"Samahani, muzee. Ufunge mulango, baridi inanimaliza."

Aloys aliufunga. Akasimama. Jasho lilitoka chini ya kofia, likapita kwenye nyusi, likaingia kwenye kola. Akamtazama Destin ndani ya sweta, akajigusa shingo.

"Mi naona moto," alisema polepole.

"Moto?" Destin alimwonea huruma. "Muzee, umepima malaria?"

"Iko mingi siku hizi," alisema Dévote kutoka mlangoni.

Aloys alikwenda kupima. Aliambiwa hana. Akahitimisha kwamba mashine za maabara siku hizi hazifai, akameza dawa, akarudi kesho yake kuweka sahihi.

Sahihi iliwekwa asubuhi, na kwa sahihi aliagiza kreti ya bia. Alitoa hotuba fupi, yaani ya dakika ishirini, akafungua chupa ya kwanza na kumkabidhi Destin kwa mikono miwili.

"Agatutu," alisema.

Destin alimwinamia Dévote. "Njo nini?"

"Ni heshima ya kwetu tu. Kunywa, ingénieur. Kunywa ju ya nyumba, kwa upande yake."

"Na we, mama?"

"Mi sikunywake, niko na tumbo. Banipe Fanta."

Destin alikunywa. Mtu anayeshinda na kiu tangu alfajiri hahojiani na bia. Aliinywa mbele ya Aloys, na wiki ile ile akainywa mbele ya Elvire, aliyekuwa anafungua ofisi ya kompyuta, na mbele ya Orlane, mshonaji wa nguo za harusi, ambaye alimwona Destin ameketi na sweta akampa shali pia. Wiki tatu, wapangaji saba, kreti saba, na kila mara Dévote alisisitiza ingénieur atangulie, ju ya nyumba. Yeye tumbo halikupona. Mikataba ilikuwa na muhuri mzuri wa duara, na garantie zilikwenda kwenye mkoba wake mweusi, kwa utaratibu. Wapangaji walipangiwa kuhamia Jumatatu moja, wote pamoja, na Jumatatu hiyo hiyo Destin angepewa robo yake.

Ijumaa, kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Destin alirudi Ngagara akipiga mluzi. Mama Mawazo aliusikia mluzi ule, akaanza kuizunguka nyumba.

Jumatatu alifika saa mbili asubuhi. Kiti cha plastiki kilikuwa tupu. Funguo zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari wa ufagio, na ufagio ulikuwa umeoshwa. Alipiga simu, haikupatikana. Alijiambia Dévote amekwenda misa. Wapangaji walianza kupandisha meza na viti, wakimsalimia kwa furaha, naye aliwajibu kwa heshima, akapanda kwenye ofisi yake, akavaa sweta kwa mazoea.

Saa saba teksi ilisimama mlangoni. Alishuka bwana mnene mwenye sanduku la magurudumu, akapanda ghorofa moja moja, akichungulia kila ofisi, macho yakizidi kumtoka. Alipofika ya nne alikuwa hana pumzi.

"We ni nani?"

"Ingénieur wa nyumba," alisema Destin. "Na we, mon frère?"

"Mi ni Bonfils. Nyumba ni yangu. Nimetoka Ubelgiji leo asubuhi. Dévote iko wapi?"

"Patronne?"

"Patronne gani? Ni mwenye kupiga ufagio. Nilimwachia ufunguo, apanguse vumbi. Mara tatu aliniomba nimuongeze mushahara, nikamwambia ajikaze."

Destin aliketi. Alikumbuka yule mama alivyogeuka kutazama nyuma yake. Hakuwa amejiita mwenye nyumba hata siku moja. Yeye Destin ndiye aliyemwita, akamfundisha kazi, akambandikia kioo, akamkalia mbele ya wateja. Aibu ilimshika, aibu ya kweli. Na ndani ya aibu, Mungu amsamehe, palikuwa na wivu. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Na huyu hakuwa hata mjinga.

Alisimama akaelekea ngazi, bila haraka, jinsi anavyoondoka mtu asiyekimbia. Lakini habari ilikuwa imeshashuka ghorofa zote. Mzee Aloys alikuwa anapanda, mkataba mkononi, na wenzake sita nyuma yake.

Wakakaa kwenye ofisi ya ghorofa ya nne, ilipofika saa tisa kamili. Jua lilikuwa limejaa kioo chote. Watu walijipepea kwa mikataba. Orlane alitaka polisi, na Elvire akaafiki. Aloys akauliza taratibu nani anapenda polisi wausome muhuri huu. Nao walipoutazama vizuri, muhuri ulikuwa wa shule ya msingi. Mikataba ikarudi mifukoni, maana karatasi ya bandia humponza hata aliyeitia sahihi. Bonfils alihesabu vichwa. Tangu ajenge, hakuwahi kuona jengo lake lina watu.

"Mi siwafukuze," alisema hatimaye. "Miezi tatu mulilipa mwizi, sawa, imeenda. Mwezi wa ine munanilipa mi. Lakini hapa hakukaliki. Baridi mulioahidiwa, mi sikuahidi."

Vichwa vyote vikageuka kwa mtu mwenye sweta.

"Bandugu," alisema Destin, "mi pia nimeibiwa. Hata franc moja sijaiona. Tuko mu mutumbwi moja."

"Ulikunywa," alisema Aloys.

"Nilipewa, muzee. Mutu akipewa bière anafanya je?"

"Anauliza ni ya nini." Aloys alivua kofia akaiweka gotini. "Kwetu agatutu si ya kiu. Mwenye kukunywa ni shahidi. Kinywa yake inabaki kwa ile maneno. Siku maneno imeharibika, tunairudilia. Kwa upande yetu, tulikunywa sisi. Kwa upande ya nyumba, nani alikunywa?"

"Patronne..."

"Yule alikunywa Fanta."

Wakaanza kukumbuka mmoja mmoja. Elvire alikumbuka ingénieur alikunywa mbili. Orlane alikumbuka tatu, na shali. Mwingine alikumbuka kwamba ingénieur aliomba ya kwenda nayo nyumbani. Destin alizikumbuka zote, na kila moja ilikuwa tamu. Mwaka mzima na nusu aliishi katika mji huu, akajua bei za kila soko na jina la kila mwenye fedha, na hakuwahi kuuliza kwa nini Warundi wanampa mgeni chupa kwa mikono miwili.

"Siulizi mambo mingi," alisema Aloys. "Moja tu. Ile siku naingia hapa, ulikuwa na baridi ao hukuwa nayo? Ukisema hukuwa nayo, basi ulikuwa pamoja na yule mama, na hapo tutaita polisi, muhuri ao si muhuri. Ukisema ulikuwa nayo, ni sawa. Tutaamini shahidi."

Destin alitazama milima ya kwao ng'ambo ya ziwa, karibu sana kwa macho. Barafu ya tumboni ilikuwa imeshayeyuka. Tone moja lilipita chini ya sweta, likaanguka kwenye vigae. Tok. Watu wanane waliliangalia. Tone la pili likafuata.

"Nilikuwa nayo," alisema.

"Muzuri," alisema Aloys akavaa kofia. "Kwa hiyo ilikuwapo. Uirudishe."

Hukumu ilikuwa fupi kuliko hotuba zake. Ingénieur atalifanya jengo likalike, kwa mikono yake, hadi siku mzee Aloys atakapoketi hapo saa tisa mchana, saa nzima, bila kutoa jasho. Karatasi za Destin, zile za ukimbizi, zitalala kwenye droo ya mzee hadi siku hiyo.

Kumwambia Benite kulikuwa kugumu kuliko yote. Alimwambia nyuma ya jiko, mbele ya kuku. Benite hakulia wala hakufoka. Alikaa chini, akaupapasa mto uliokuwa umebaki na pamba tu, na Destin alitamani kwa moyo wote angempiga.

Kesho yake Benite alivuka mji akaja Le Cristal. Alipanda hadi ghorofa ya nne, akasimama mbele ya kioo, akaweka kiganja, akakitoa haraka.

"Hii nyumba haipumue," alisema. "Kioo moja toa, moja acha. Kwa inje utie mikeka ya matete, ile bamama banauza njia ya Rusizi. Jua igonge mukeka, isigonge kioo."

"Benite, majengo ya kisasa..."

"Destin."

Akaenda kutafuta bisibisi.

Ilichukua hadi mvua za Novemba. Bonfils alilipia matete, akilalamika. Destin alibandua plastiki yote aliyoibandika, akafungua kioo kimoja na kukiacha kinachofuata, akatundika mikeka kwenye fremu zenye bawaba, ya kushusha mchana na kupandisha jioni. Mikono yake, ambayo haikuwahi kubeba kitu kizito kuliko maneno tangu Kampala, iliota malengelenge, kisha ikakomaa. Upepo wa ziwa ulijifunza njia, ukaanza kupita mle ndani kila mchana bila umeme wala mazout. Siku moja mzee Aloys aliketi saa tisa, akasoma gazeti, lile la mwaka jana. Saa kumi alijigusa shingo. Palikuwa pakavu.

"Hm," alisema, akaomba koti lake. Karatasi za Destin zilikuwa mfukoni mwake, akazirudisha.

Bonfils, kabla ya kurudi Ubelgiji, alihitaji mtu wa funguo na ufagio. Mshahara ulikuwa ule ule wa Dévote. Lakini nyuma ya ngazi palikuwa na chumba chenye bomba la maji, na mwenye kazi alikaa bure. Nyumba ya Carama ilikuwa imeshapata mtu mwingine. Benite alikipima chumba kwa hatua, akasema kitanda kitaingia.

Siku waliyohamia, Destin alikula mchana akiwa amekaa mezani, uso mbele, mdomo wazi. Alitafuna kwa sauti. Aliuvunja mfupa na kuunyonya, na furaha ilimpanda hadi akakaribia kulia. Ngagara, wanasema, mama mkwe alipita mlango wa mbele wa nyumba yake mara sita siku ile, kwa raha tu.

Dévote alisikika Kigoma, wengine wakasema Kampala. Hakuacha kitu isipokuwa kile kiti cha plastiki.

Ilikuwa Februari. Destin alikuwa ameketi juu ya kile kiti, chini ya ngazi, funguo mapajani, wakati kijana mwenye viatu vya ncha na mkoba wa ngozi aliposimama mlangoni. Alilitazama jengo, akaitazama mikeka, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. Alijitambulisha kuwa Vainqueur, mwakilishi wa rangi moja kutoka ng'ambo, ukiipaka juu ya paa inakula jua na kutema umeme.

"Na bila shaka, patron," alisema akiinama kidogo, "we njo mwenye nyumba."

Destin aligeuka akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta na ufagio. Akarudisha uso mbele, akamtazama kijana, viatu hadi mkoba, mkoba hadi viatu.

"Karibu, uikale," alisema. "Lakini mi bière sikunywake. Niko na tumbo."